Kusawazisha senario ya vita vya Roma na Karthago: usimwongezee Hannibal askari

Bao la kiswahili halina shida ya usawa. Kete 32 zako, 32 za mwenzako, na anayefungwa amefungwa na uchezaji wake. Vita vya kale havikuwa hivyo. Ukichora senario, yaani mchezo wa kuigiza vita kwenye ramani ya kompyuta, ya Vita vya Pili vya Roma na Karthago, mji wa Afrika Kaskazini (218–201 KK), na kupanga majeshi kama mwanahistoria Mgiriki Polybius alivyoyaandika, jaribio la kwanza huangukia upande mmoja kati ya miwili. Ama Hannibal, jemadari wa Karthago, anaingia Roma kabla mwaka wa pili haujaisha, ama Roma inamfukia kwa lejioni (vikosi vikuu vya jeshi lake) mpya na aliyeshika Karthago anauliza saa ngapi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia askari: ongeza huku, punguza kule. Baada ya marekebisho sita ya namna hiyo Hannibal ana watu 80,000 Italia, Roma imebaki na lejioni nne, na kilichoko mezani si vita ile tena. Majeshi yaache yalivyo. Kinachosogezwa ni kipimo cha ushindi.

Sababu iko kwenye hesabu ya watu. Polybius anaandika kwamba mwaka 225 KK Roma na washirika wake walikuwa na watu zaidi ya 700,000 wa kupigana kwa miguu na takriban 70,000 wa farasi. Hannibal alishuka bonde la Po, kaskazini mwa Italia, na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000. Hakuna uchezaji, hata uwe wa ustadi gani, utakaomaliza hazina ile ya watu, na senario isidai hivyo. Hannibal mwenyewe alikuwa akiwinda washirika wa Roma, mji baada ya mji. Basi alama zifuate miji.

Mfano unaofanya kazi: zamu tatu kwa mwaka (masika, kiangazi, baridi), miaka 18, jumla zamu 54. Kila mwisho wa zamu ya baridi, Karthago ahesabiwe alama 2 kwa kila mji mkubwa alioushika: Capua na Tarentum za kusini mwa Italia, na Sirakusa ya Sisilia. Sasa pitisha historia yenyewe kwenye kipimo hicho. Capua iliasi 216 KK ikachukuliwa tena 211, yaani baridi tano, alama 10. Tarentum ilikuwa mikononi mwa Hannibal kuanzia 212 hadi Roma ilipoirudisha 209: baridi tatu, alama 6. Sirakusa iligeuka 214 na kuanguka 212: baridi mbili, alama 4. Historia imempa Karthago alama 20, na tunajua alishindwa. Kwa hiyo kizingiti cha ushindi wake lazima kiwe juu ya 20. Juu kwa kiasi gani? Hilo haliamuliwi kwa kubahatisha, tutalifikia.

Alama zihesabiwe kwa kushikilia, zisihesabiwe kwa kuteka. Kosa hili linarudi kila mara: mji ukitoa alama kila unapotekwa, kufikia mchezo wa tatu wachezaji wawili werevu watakuwa wanapokezana Capua kama mpira, mmoja anatoka, mwingine anaingia, alama zinapanda na hakuna vita.

Kabla hujamwita mtu

Majaribio ya mwanzo hayahitaji mpinzani. Weka jeshi ramani tupu, litembeze, uhesabu waliofika.

Anza na Alpi, kwa sababu hapo takwimu zipo. Polybius anampa Hannibal askari wa miguu 38,000 na farasi 8,000 alipovuka mto Rhône, jumla 46,000. Waliofika upande wa pili ni 26,000. Amepoteza asilimia 43 hivi. Tuseme njia hiyo kwenye ramani yako ina maeneo manne. Mtu mwenye haraka anagawa 43 kwa 4, anaandika upotevu wa asilimia 11 kwa kila eneo, anaridhika. Kumbe asilimia ya eneo la pili inakatwa kwenye waliobaki, si kwenye 46,000, na Hannibal anafika na karibu 29,000. Askari 3,000 wa bure, na hao ndio watakaokuharibia mapigano ya mto Trebia, ya mwanzo kule Italia, bila wewe kujua walitoka wapi. Kiwango sahihi kwa maeneo manne ni asilimia 13. Ramani yako ikiwa na maeneo mawili tu, weka 25: 46,000 mara 0.75 mara 0.75 ni 25,875.

Baada ya hapo jaribu njia nyingine zote ambazo mchezaji anaweza kufikiri. Pwani, kwa mfano. Ikiwa kupita pwani kunagharimu asilimia 5, hakuna atakayepanda mlima, na tembo 37 watatembea mchangani kama watalii. Usiweke kanuni ya kukataza pwani. Weka lejioni pale.

Kisha mapigano. Cannae, tarehe 2 Agosti 216 KK, ndiyo mizani nzuri kuliko yote: Roma askari wa miguu 80,000 na farasi 6,000, Karthago 40,000 na 10,000. Wakutanishe mara 100 kwenye uwanja wazi, kompyuta iendeshe. Uwiano wa jumla ni 1.72 kwa 1, kwa hiyo wengi humpa Hannibal kizidishio cha kamanda (namba inayozidisha nguvu ya jeshi lake) cha 1.75, halafu wanashangaa akisagwa mara 95. Hapa angalia programu yako inapiganishaje. Kama kila kikosi kilichopo kinapiga kila raundi, wingi wa watu unafanya kazi mara mbili: walio wengi wanapiga zaidi, na wanachelewa kupungua. Ili kufidia, kizidishio kinachohitajika si 1.72 bali mraba wake, karibu 2.96. Ukiweka hicho, Cannae itakuwa sawa, lakini kila penginepo Hannibal atakuwa jini. Kikosi chake cha watu 5,000 kitasimama sawa na Waroma 8,600.

Dawa ni upana wa mstari wa mbele. Ruhusu vikosi, tuseme, 30 tu kwa kila upande kupigana kwa wakati mmoja, wengine wasubiri nyuma. Kizidishio kinarudi karibu na 1.72, na sehemu yake unaweza kuihamishia kwenye farasi: kamanda asaidie pale tu upande wake unapozidi kwa wapanda farasi na ardhi ni tambarare. Inaafikiana pia na kilichotokea. Varro, konsuli aliyeongoza Roma siku hiyo, aliwasogeza watu wake karibu karibu, safu zikawa na kina kuliko upana, na wingi wao haukupata pa kupigia. Binafsi naona Karthago akishinda mara 70 hadi 80 katika 100 panatosha. Mara 100 kwa 100 ni filamu.

Watu wakikaa mezani

Kompyuta dhidi ya kompyuta iache ikeshe usiku, itakukamatia hitilafu, bandari isiyofikika, hazina inayokwenda chini ya sifuri. Usawa haitakuonyesha. Kompyuta haivizii, haisubiri, haisemi uongo kuhusu Tarentum. Usawa unapimwa kwa watu wawili, tena wanaobadilishana pande: waliocheza leo warudiane, aliyekuwa Roma awe Karthago. Bila hivyo unapima nani fundi.

Mchezo wa kwanza wa kila jozi usiuhesabu, ni wa kujifunza kanuni. Wewe kaa kando, kimya. Ni vigumu, mtu anaposhikilia tembo wake Gades, bandari ya Hispania, zamu nane nzima utataka kumwelekeza. Usimwelekeze. Kama hakujua kwamba tembo wanavuka maji kwa mashua, kanuni zako hazikumwambia. Andika zamu na swali aliloliuliza, basi. Programu ihifadhi mchezo kila mwisho wa zamu kwa jina lenye namba ya toleo, ili tukio la ajabu liweze kufunguliwa na kuangaliwa upya. Kwenye jedwali tia toleo, nani alicheza nini, alama za Karthago zamu ya 6, ya 18, ya 36 na ya mwisho, na zamu ambayo mmoja alisema au alionyesha kwamba mchezo umekwisha kwake. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Senario inayogawa ushindi nusu kwa nusu lakini inaamuliwa zamu ya 9 bado ni mbovu.

Sasa idadi. Michezo 10 haitoshi. Hata senario iliyosawazika kabisa, kwa bahati tu, itakupa matokeo ya 7 kwa 3 au mabaya zaidi, upande mmoja au mwingine, takriban mara moja katika kila tatu. Watu hubomoa kazi nzuri kwa sababu ya saba kwa tatu. Subiri michezo 30. Hapo ndipo kizingiti kinapatikana: panga alama za mwisho za Karthago kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo katikati, kati ya ya 15 na ya 16. Ikiangukia 31, kizingiti chako ni 31. Michezo iliyokatika mapema iingize pia: Karthago imetekwa, andika 0, Roma imetekwa, andika 99. Hujagusa askari hata mmoja.

Wajaribu watakuletea dawa badala ya ugonjwa. "Tembo wana nguvu mno, wapunguze." Fungua zamu iliyotangulia malalamiko. Mara nyingi tembo hawana kosa. Aliyelalamika aliweka farasi wake nyuma, au kanuni ya farasi kuwaogopa tembo inapigwa mara mbili, kwenye kushambulia na kwenye kukimbia. Na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja kwa toleo moja. Ukigusa viwili na mambo yakanyooka, hutajua ni kipi kilichofanya kazi, na hutajua ni kipi kilicho sumu ya kesho.

Mashimo ambayo lazima yatafutwe

La kwanza ni mchezaji wa Roma anayejifungia. Fabius, jemadari wa Roma, alikwepa mapigano makubwa na mbinu ilifaa, lakini ilikuwa na bei: mashamba ya washirika yaliteketea huku majeshi yakitazama. Mchezo usiotoza bei hiyo unageuka kuwa wa kungoja. Kila zamu Hannibal akikaa kwenye wilaya bila kupingwa, uaminifu wa miji ya wilaya hiyo kwa Roma, unaoanzia pointi 6, ushuke pointi 1. Ukifika 2, mji urushe dadu ya kuasi. Ukiona Roma bado wanajifungia, ongeza kasi ya kushuka. Usiwalazimishe kupigana kwa kanuni.

La pili ni Roma inayokwenda Afrika zamu ya pili. Usiifunge njia hiyo. Mwaka 218 KK Sempronius, mmoja wa makonsuli (viongozi wakuu wa Roma wa mwaka), alipelekwa Sisilia kwa mpango huo huo, akaitwa arudi Hannibal alipotokea kaskazini. Acha ivuke, lakini chakula kivuke nayo: jeshi lisilo na bandari wala mshirika Afrika lipoteze robo yake kila baridi. Bahari kwa upande wa Karthago nayo isifungwe kabisa. Mwaka 215 KK Bomilcar, kamanda wa Karthago, alifika Locri, kusini mwa Italia, na askari na tembo. Nafasi 2 katika 6 za kupenya inatosha kumweka Mroma macho.

La tatu ndilo linalowaangusha hata wabunifu wazoefu: Masinissa. Kila mtu anajua mfalme huyu wa Numidia aliihama Karthago akaenda upande wa Roma, na farasi wake wakaamua mapigano ya Zama, Afrika, mwaka 202 KK. Kwa hiyo mbunifu anaandika tukio: zamu ya 36, Masinissa anahama. Mchezo wa pili, mchezaji wa Karthago anawapeleka Wanumidia wote kufa kwenye kuta za mji fulani zamu ya 35. Tukio lenye tarehe ni zawadi kwa aliyesoma historia. Lifunge kwenye hali. Kuanzia mwaka 209 KK, Roma akiwa ameshika Karthago Mpya, mji wa Karthago kule Hispania, rusha dadu kila zamu: 6 anahama. Akishika na Gades, 5 au 6. Akishindwa Hispania, hahami kamwe, na Zama yenu itakuwa tofauti.

Limebaki la mwisho, zamu ya 54. Mchezaji akijua hakuna kesho, anaacha ngome zote wazi na kurundika kila mtu kwenye mji mmoja wa alama mbili. Kuanzia baridi ya 203 KK, yaani zamu ya 48, mwaka ambao Hannibal aliitwa kurudi nyumbani, rusha dadu baada ya kuhesabu alama: 1 au 2, mkataba umetiwa sahihi, mchezo umekwisha. Vita itaisha zamu ya 48, ya 51 au ya 54, na hakuna anayejua ni ipi. Kanuni hii iwemo tangu toleo la kwanza. Ukiiongeza baada ya kupata kizingiti, baadhi ya michezo itakuwa na baridi pungufu za kuhesabu, alama ya katikati itashuka, na ile michezo 30 inabidi ichezwe upya.