Je, figo zinaweza kusaidiwa nyumbani pasipo umeme wa uhakika?

Swali: Figo za mama yangu zimeshindwa kufanya kazi, na mara tatu kwa wiki ninamsindikiza kusafishwa damu katika hospitali iliyo mbali. Nimesikia kuwa huduma hiyo hufanyika pia nyumbani. Je, inawezekana kwetu, ambako umeme hukatika mara kwa mara?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Umeme peke yake si kizuizi. Ipo njia ya kusafisha kwa kutumia tumbo, ambayo damu haitoki mwilini kabisa: maji maalumu yenye sukari huingizwa tumboni kupitia mpira laini uliowekwa kwa upasuaji, utando unaozunguka matumbo huchuja uchafu, na sukari ile huvuta maji yaliyozidi mwilini. Kwa kawaida mtu mzima hubadilisha maji mara nne kwa siku, takriban lita mbili kila mara. Mfuko mpya hutundikwa juu, mfuko mtupu huwekwa sakafuni, na maji hushuka yenyewe: yaliyotumika hutoka tumboni hadi mfuko wa chini, kisha mapya huingia tumboni. Kila mara kazi hiyo huchukua kama nusu saa. Ipo pia mashine ya kubadilisha maji usiku, ambayo ndiyo inayohitaji umeme.

Kinachoniogopesha zaidi ni maambukizi. Funga madirisha, zima feni, vaa barakoa, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, wala ncha ya mpira isiguse kitu chochote. Kila mfuko unapotoka, uinue kwenye mwanga: maji yanapaswa kuwa maangavu, kiasi cha kuweza kusoma maandishi yaliyo nyuma yake. Yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, mpeleke mama hospitali saa ileile pamoja na mfuko huo, hata kama hana homa wala maumivu.

Mifuko minne kwa siku ni takriban 120 kwa mwezi, nayo inahitaji mahali pakavu pa kuihifadhi. Kabla ya upasuaji, muulize daktari wake mifuko hiyo itatoka wapi, nani atailipia, na kama mama amewahi kupasuliwa tumbo au ana ngiri. Mama akiwa na kisukari, mweleze daktari pia, kwa sababu sehemu ya ile sukari huingia mwilini.

Mpira huachwa upone kwa takriban wiki mbili kabla ya kuanza kutumika, na ninyi mtahitaji mafunzo. Katika kipindi hicho chote, mama asikose hata siku moja ya kusafishwa hospitalini.