Vipimo safi, mtoto analia tumbo

"Shangazi, binti yangu wa miaka 12 anaumwa tumbo karibu kila jioni, mwezi wa nne sasa. Kapimwa malaria, choo, mkojo, altrasaundi, hakuna kitu. Baba yake anasema anadeka. Mama mkwe anasema tuliache tumbo, tumuulize mtoto ana nini moyoni. Nimpeleke hospitali gani kubwa zaidi, na huyu mama mkwe nimnyamazishe vipi?"
Mama wa Morogoro

Pole, mwanangu. Kukesha na mtoto anayejikunja kwa maumivu kunachosha. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mama mkwe usimnyamazishe. Ndiye pekee aliyeona.

Kwenye sehemu ya barua ambayo sikuichapa hapa, umegusia tu kwamba likizo ya Juni binti alikaa kwa bibi, huyo huyo mama mkwe wako, wiki tatu bila kulalamika hata siku moja. Ukausifu uji wa ulezi. Umegusia pia kwamba tangu Machi mumeo analala sebuleni, "ila watoto hawajui." Nyumba ya vyumba viwili, hawajui? Tumbo likianza, mmoja anamkanda, mwingine anachemsha maji, mnakaa wote kitandani kwake. Nitajie siku nyingine mliyokaa pamoja.

Hadanganyi, na mumeo aliache hilo neno la kudeka. Utumbo na ubongo vinaunganishwa na mishipa ya fahamu. Hofu hulikaza tumbo likauma kwelikweli. Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka 1962, wanafunzi wa kike 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia, hadi shule ikafungwa Machi. Haikuonekana sumu wala kijidudu. Nao hawakuwa wakiigiza.

Ndoa za siku hizi mnadhani kununa si ugomvi kwa kuwa hakuna kelele. Mtoto huusikia ukimya kuliko matusi.

Vipimo vimetosha. Shika daktari mmoja, acha dawa za kubahatisha za dukani. Akipungua uzito, akitapika mfululizo, akitoa damu chooni, akipata homa, au maumivu yakimwamsha usingizini, hapo mrudishe upesi. Vinginevyo shule aende, na msimuulize kila saa tumbo linasemaje. Kaeni naye wote wawili akiwa mzima, mle, mcheke. Kisha mwambieni kwa maneno machache kwamba baba na mama wana shida yao, na si yeye aliyeileta.

Jumamosi mpigie mama mkwe. Muombe radhi kwanza, halafu muulize mtoto alimwambia nini kule Juni.