Idadi si thamani: mafumbo ya sarafu na tiketi

Shikamoo mwalimu. Kibubu kina sarafu 30, za shilingi 100 na za 200, jumla shilingi 4,300. Nimeandika x + y = 4,300 nikakwama. (Kidato cha pili, Sakina, Arusha)

Marahaba. Umekwama kwa sababu hukuandika x ni nini. Nikikuuliza sasa hivi kama x ni sarafu au ni shilingi, utatazama dari. Andika kwa maneno kwanza: x ni idadi ya sarafu za 100, y ni idadi ya sarafu za 200. Sarafu: x + y = 30. Pesa: 100x + 200y = 4,300. Mistari miwili, kila mmoja na kazi yake.

Konda wa daladala hakosei hapo. Mwanafunzi na mtu mzima wote ni kichwa kimoja kimoja, lakini nauli zao si sawa, na hajawahi kumpelekea tajiri hesabu ya vichwa akidai ndiyo pesa.

Kabla hujakimbilia kuondoa y, jaribu kichwani. Tuseme zote 30 ni za 100: shilingi 3,000. Zimepelea 1,300. Kila ukitoa ya 100 ukaweka ya 200, unaongeza 100. Basi za 200 ni 13, za 100 ni 17. Hakiki: 2,600 na 1,700. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake cha karne ya 9, aliandika milinganyo yake yote kwa maneno, bila x hata moja, na alikokotoa mpaka mirathi.

Naomba fomula ya maswali ya sarafu. (Wasomaji wanne)

Hakuna. Mwezi uliopita pia haikuwepo.

Tamasha la shule: tiketi 180 ziliuzwa, ya mkubwa shilingi 2,000, ya mtoto 500, zikapatikana 240,000. Wakubwa wakiwa x, watoto ni x − 180 au 180 − x? (Majengo, Moshi)

180 − x. Wakubwa 100, watoto 80. Njia ifanye mwenyewe.

Ila niwaambie wazazi wa kamati, maana msimu wa mahafali haukosi maneno. Mweka hazina akileta 240,000 bila vishina vya tiketi, hamna mnachojua. Wakubwa 110 na watoto 40 wanatoa pesa ileile. Pesa peke yake ni mlinganyo mmoja, na mnatafuta vitu viwili. Daini vishina.

Mwanangu kaletewa zoezi lenye "nickel", "dime" na "quarter". Ndiyo nini? (Mama, Shanty Town, Moshi)

Ni sarafu za Marekani, mama: senti 5, senti 10 na senti 25. Zoezi limepakuliwa intaneti likachapwa lilivyo. Mtoto wa Marekani anazijua toka mfukoni, ndiyo maana thamani haikuandikwa. Wako anapimwa asichofundishwa. Na asikisie kwa ukubwa: ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5. Sisi tunazo za 50, 100, 200 na 500. Kwa nini zisitumike?

Aina tatu za sarafu, taarifa mbili tu. Inawezekana? (Usa River)

Rudia kusoma swali. Taarifa ya tatu kwa kawaida imejificha kwenye "mara mbili ya" au "zinalingana na".

Sarafu 20 za 200 na 500, jumla 7,200. Nimerudia mara tano, napata za 500 ni 10 na theluthi mbili. (Kidato cha kwanza, Himo)

Hukukosea. Zote zikiwa za 200 ni 4,000. Zimebaki 3,200, na kila badiliko linaongeza 300. 3,200 haigawanyiki kwa 300. Ingekuwa 7,300 ungepata 11 za 500 na 9 za 200, nahisi ndivyo ilivyokusudiwa. Aliyetunga hakulifanya kabla ya kuliandika ubaoni. Mpelekee daftari kwa adabu, baada ya kipindi, wenzako wakishatoka.