Maswali na majibu: kompyuta za ofisi zinapokataa kujiunga na kikoa

Barua nyingi za safari hii zimetoka katika ofisi zenye kikoa, yaani mtandao ambao seva moja hutunza akaunti za wafanyakazi wote na kuamua nani aingie wapi. Karibu kila mwandishi ameshauriwa na fundi afute kila kitu na kupakia Windows upya, ushauri ambao kwa matatizo yaliyoelezwa hapa hauhitajiki hata kidogo.

Tumenunua kompyuta mpya, na zote zinapata intaneti vizuri. Lakini kila tukiandika jina la kikoa, tunaambiwa seva yake haikupatikana. Tufanyeje, ndugu fundi? (Jinja)

Kompyuta kupata intaneti si ushahidi kwamba inaifahamu seva yenu. Ili kujiunga na kikoa, Windows huiuliza DNS, yaani huduma inayotafuta anwani ya kompyuta kwa jina lake, ni seva ipi inayokisimamia, na jibu hilo limo katika rekodi za aina ya SRV, ambazo kwa kawaida hupatikana katika DNS ya ofisi yenyewe peke yake. Ofisi nyingi ndogo hapa Uganda hutumia ruta ya kampuni ya simu, nayo ruta, inapoigawia kompyuta anwani, huipa pia DNS ya kampuni hiyo au 8.8.8.8 ya Google. DNS hizo zinajua tovuti za dunia nzima, ila hazina habari yoyote kuhusu kikoa mlichokianzisha ndani ya jengo lenu.

Fungueni dirisha la amri (Command Prompt), mwandike `ipconfig /all`, kisha mtazame mstari wa "DNS Servers". Ikiwa anwani iliyopo si ya seva yenu, irekebisheni, ikiwezekana kwenye ruta ili kompyuta zote zipate iliyo sahihi. Halafu andikeni `nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.` mkimalizia, bila kuacha nafasi, na jina kamili la kikoa chenu. Jina la seva likirudi, jaribuni tena kujiunga.

Nawasihi msiweke 8.8.8.8 kuwa DNS ya pili "kwa usalama", kama wengi wanavyofanya. Seva ikichelewa kujibu mara moja tu, Windows inaweza kuhamia kwenye hiyo ya pili, na hapo mtapata hitilafu inayokuja na kuondoka, ambayo ni ngumu kuikamata kuliko ile ya kudumu. Maswali ya tovuti za nje yaachiwe seva yenu iyapeleke yenyewe kwa DNS ya nje.

Kompyuta yetu ya mapokezi hukataliwa na seva kila umeme unapokatika usiku. Tumerekebisha saa ikalingana na ya ukutani, na bado inakataliwa. (Gulu)

Kerberos, ambao ndio utaratibu wa utambulisho ndani ya kikoa, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa ya kompyuta na ya seva. Jambo linalowapita wengi ni kwamba saa zinazolinganishwa ni za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, si zile zinazoonekana kwenye skrini. Kompyuta inayoonyesha saa nne asubuhi sawasawa na ukuta wenu, huku majira yake, yaani saa za eneo (time zone), yakiwa yale ya pwani ya magharibi ya Marekani, imekosea kwa saa 10 au 11. Hali hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa Windows ya Kiingereza mara nyingi huchagua majira hayo inapopakiwa. Katika orodha ya majira, chagueni mstari wa UTC+03:00 wenye jina la Nairobi, kwa sababu Kampala haikuandikwa hapo.

Kuhusu umeme, saa inayorudi nyuma kila kompyuta inapokosa nguvu ni dalili ya betri ndogo ya ubao mkuu kuisha. Nyingi ni za aina ya CR2032, ya volti 3. Badilisheni hiyo kabla ya kuhangaika na jambo lingine. Hakikisheni pia saa ya seva ni sahihi, maana kompyuta zilizojiunga huifuata hata inapopotea.

Laptopu ya mkurugenzi haina kabisa mahali pa kuandika jina la kikoa. (Mbarara)

Andika `winver` uone toleo lake. Windows Home haijiungi na kikoa. Inahitajika Pro, Enterprise au Education. Mwambie muuzaji jambo hili kabla ya kulipa.

Tulirejesha kompyuta ya mhasibu kutoka nakala ya miezi mitatu iliyopita, na sasa inasema uaminifu kati yake na kikoa umevunjika. (Arua)

Kompyuta nayo ina nenosiri lake kwenye kikoa, ambalo kwa kawaida hulibadilisha yenyewe kila baada ya siku 30. Nakala yenu imerudi na nenosiri ambalo seva haikubali tena. Ingieni kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta hiyo, mfungue PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, kisha mwandike `Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential (Get-Credential)` na kutoa nenosiri la msimamizi wa kikoa. Mkiamua badala yake kuitoa kompyuta kwenye kikoa na kuiingiza upya, thibitisheni kwanza kwamba mnalijua nenosiri la msimamizi wa kompyuta yenyewe, la sivyo mtajifungia nje.

Kompyuta mpya tuliyoipa jina la ile iliyoharibika imekataliwa, eti akaunti hiyo ipo na kuitumia tena kumezuiwa. (Entebbe)

Tangu masasisho ya Oktoba 2022, Windows humzuia mtu kuchukua akaunti ya kompyuta iliyoundwa na mwingine, ili asijitwalie mamlaka yake. Futeni akaunti ya zamani kwenye seva, baada ya kuhakikisha haitumiki, au mtumie jina jipya lisilozidi herufi 15. Ikikataa tena, fungueni faili `C:\Windows\debug\netsetup.log` na mniandikie mistari yake ya mwisho, kwa kuwa humo hutajwa hatua iliyoshindikana pamoja na namba ya kosa.