Kabla Hujaandika "Kupungua": Kwa Wanaoanza Kusoma Historia ya Vitenzi vya Kiingereza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya tafsiri nilikabidhiwa mwongozo wa huduma ya kwanza, na nilipofika mahali ambapo kitenzi "reduce" kilitumiwa kwa mfupa uliovunjika, niliandika bila kusita kwamba daktari ataupunguza mfupa huo. Muuguzi aliyepewa rasimu aipitie aliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, iwapo mgonjwa angetoka hospitalini na mguu mfupi. Nilipaswa kuandika kwamba daktari huurudisha mfupa mahali pake. Kosa hilo ndilo lililonifikisha kwenye etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, na ndilo ninalowasimulia kwanza wale wanaoniuliza waanzie wapi.

Kitenzi hicho kinatokana na Kilatini "reducere", ambamo "ducere" ni kuongoza na kiambishi "re" kinaonyesha kurudi. Kilipoingia katika Kiingereza mwishoni mwa Zama za Kati kilibeba maana ya kurudisha. Baadaye kikawa na maana ya kukileta kitu katika hali fulani, aghalabu hali ya chini zaidi, na kutoka hapo kikafika kwenye kupunguza. Matabibu walibaki na maana kongwe ilhali watu wengine wote wakisonga mbele. Kwa hiyo, unapokutana na kitenzi cha aina hii, usiridhike na tafsiri iliyo mbele ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa katika kamusi; tafuta kwanza kilikuwa kitendo gani cha mwili au cha mkono kabla hakijawa "kupunguza", kwa sababu kitendo hicho cha kale ndicho kinachoeleza ni nomino zipi kinazozoeana nazo hadi leo.

Kitenzi "abate" ni mfano mzuri. Asili yake ni Kifaransa cha Kale "abatre", yaani kupiga hadi kuangusha, na jamaa yake yumo katika "abattoir", neno la Kifaransa la machinjio. Tunasema kwa Kiingereza kwamba dhoruba au homa "imeabate", lakini mwanasheria wa Kenya hukitumia kitenzi hichohicho kwa kesi ya madai ambayo mhusika wake amefariki na mwakilishi wake hakuingizwa mahakamani ndani ya mwaka mmoja. Mtafsiri anayeandika kwamba kesi "imepungua" ameikosa kabisa. Kesi hiyo imeanguka, na Kiswahili kwa bahati njema kina taswira ileile ya kuanguka.

Jambo lililonifunza zaidi ya kitabu chochote cha nadharia ni kuufuata mstari mmoja wa Biblia, Yohana 3:30, katika tafsiri za vizazi mbalimbali. Kiswahili cha Union Version kinasema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Injili za Kisaksoni cha Magharibi, lahaja ya Kiingereza cha Kale, zilizotafsiriwa yapata mwaka 990, zinatumia "weaxe" kwa kuzidi na "wanige" kwa kupungua, hicho cha pili ni kitenzi "wanian", ambacho leo ni "wane". Karne nne baadaye, tafsiri ya kundi la Wycliffe, mwanatheolojia wa Uingereza, bado inasema "wexe" upande wa kuzidi, lakini upande wa pili imeandikwa "maad lesse", yaani kufanywa mdogo zaidi. Kwa nini jozi ilivunjika? Tazama Kilatini walichokuwa wakikifuata: "minui", kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa, nao hawakutaka kukiacha kidogo. Kisha mwaka 1526 Tyndale, mtafsiri wa Biblia aliyetafsiri kutoka Kigiriki, akaweka "increace" na "decreace", jozi mpya inayotokana na mzizi mmoja wa Kilatini, "crescere", kukua. Toleo la mwaka 1611, Biblia ya Mfalme James, likaifuata.

Nilipouona mfuatano huo nilielewa kwamba vitenzi vya kupungua mara nyingi havitembei peke yavyo. "Wane" aliishi kwa miaka mingi pamoja na mwenzake "wax", umbo la leo la "weaxe", na mwenzake alipoporomoka katika matumizi ya kila siku naye alibanwa pembeni. Leo wote wawili wanakutana hasa pale panapozungumzwa mwezi wa mbinguni. Mwanafunzi anayechunguza kitenzi cha kupungua bila kuchunguza kile cha kuongezeka kilichokuwa kikishindana nacho anasoma nusu ya ukurasa.

Tahadhari moja kuhusu hadithi tamu. Nilifundishwa, na kwa miaka kadhaa nikawafundisha wengine, kwamba "curtail", kitenzi cha kufupisha au kupunguza, asili yake ni kukata mkia, kwa kuwa sehemu yake ya mwisho inafanana na "tail". Ukweli ni kwamba kinatokana na "curtal", farasi aliyekatwa mkia, na jina hilo linatokana na Kifaransa "court", yaani fupi, pamoja na kiambishi tamati tu. Waingereza ndio waliolipinda umbo lake baadaye wakidhani wanasikia mkia. Farasi alikatwa mkia kwelikweli, lakini mkia uliomo ndani ya neno ni wa bandia! Siku hizi nikiona asili ya neno inayoeleweka upesi mno, huisimamisha kwanza na kuihoji.

Kuna pia vitenzi vilivyozaliwa kwa mchanganyiko. "Diminish", cha karne ya 15, kilitokana na kuungana kwa vitenzi viwili vilivyokuwapo, "diminue" na "minish". Hicho cha pili bado unaweza kukiona katika Biblia ya mwaka 1611, Kutoka 5:19, pale Waisraeli wanapokatazwa kupunguza hesabu ya matofali yao. "Dwindle" nacho kilitokana na "dwine", kitenzi cha Kiingereza cha Kale cha kusinyaa na kudhoofika, ambacho hadi leo kingali hai katika Kiskoti. Mojawapo ya mifano yake ya mwanzo inayojulikana ni ya Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya Henry IV iliyochapwa mwaka 1598, ambapo Falstaff, mtu mnene kupindukia, analalamika kuwa amekonda, akitumia "bate", ufupisho wa "abate", na "dwindle" kwa pamoja: cha Wafaransa na cha wenyeji, katika pumzi moja.

Kuhusu vitendea kazi, msianze na kamusi. Anzeni na Historical Thesaurus iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow tangu mwaka 1965 na kuchapishwa mwaka 2009, kwa kuwa yenyewe hupanga maneno kwa maana, na hivyo mtaona vitenzi vyote vya kupungua vilivyokuwa hai katika karne moja. Kisha ndipo mwende kwenye kamusi ya Oxford kusoma mifano. Mwaka unaotajwa hapo ni wa andiko la kwanza lililosalia, na mdomoni mwa watu neno lingeweza kuwapo zamani zaidi.

Tena, Kiswahili hutulazimisha kuchagua kati ya kupungua na kupunguza, jambo ambalo Kiingereza mara nyingi hakilifanyi. "Wanian" ya kale ilifanya kazi zote mbili, ilhali "wane" ya leo haichukui yambwa. Katika andiko la kale, tafuteni yambwa kabla ya kuandika chochote. Na mkikutana na "ebb", ambacho tangu Kiingereza cha Kale kilikuwa kitenzi cha bahari, msikimbilie kupungua: mtu yeyote wa pwani atawaambia kwamba maji hupwa.