Kabla Kabati Halijatobolewa, Uliza Joto Litapitia Wapi

Mimi ni seremala, na makabati ya jikoni ndiyo yananilisha. Siku hizi karibu kila mteja, awe South B au Ruaka, hapa Nairobi na viungani mwake, anataka taa ndogo zilizozamishwa kwenye mbao. Zinapendeza kweli. Lakini wengi huchagua taa kwa uso wake, ilhali hatari iko mgongoni.

Taa ya halojeni, balbu ya zamani yenye joto kali, ya wati 50, ile yenye kioo cha rangirangi, usiikubali kabatini. Kioo hicho hurudisha mwanga mbele na kuachia joto lipite nyuma, yaani ndani ya uwazi uliozungukwa na mbao. Mbao haiwaki siku hiyo. Hukauka, hubadilika rangi, na miaka inavyopita huelekea kuwa mkaa, na ikifika hapo hushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Niliwahi kuitwa na mama mmoja kubadilisha bawaba tu, nikakuta blokibodi juu ya taa imeungua duara jeusi. Jikoni hakukuwa na harufu yoyote. Tulizima taa zile saa ileile.

LED ya wati 3 hadi 5 inatosha kabisa. Nayo hupata joto, ila kidogo, na ikikosa hewa haidumu. Mimi huacha nafasi juu yake kama karatasi ya mtengenezaji inavyoagiza, halafu natoboa matundu ya hewa nyuma ya kabati. Draiva, kile kiboksi kinachoipa LED umeme unaoifaa, isilazwe juu ya taa. Ikae pembeni, mahali mkono unafika bila kubomoa kitu. Ukinunua Luthuli Avenue, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usome kama taa inaruhusiwa kufungwa kwenye mbao. Taa isiyo na maelezo, iache dukani.

Boriti nayo ina mambo yake. Iliyobeba paa huvutwa zaidi upande wa chini, katikati ya urefu wake, na hapohapo ndipo watu hutaka taa. Ukitoboa pale umekata nyuzi zinazobeba mzigo. Funga taa ya kubandikwa nje. Boriti ya pambo, ile boksi tupu ndani, hiyo toboa.

Waya mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hata kama binamu yako anajua. Hizi ni volti 240. Azime swichi kuu, apime kwa testa, na viungio viingie kwenye boksi, si kufungwa tepu na kusukumwa nyuma ya mbao. Vanishi ya mbao iwe imekauka kabisa kabla ya kazi hiyo.

Kazi ikiisha, washa taa zote saa chache milango ikiwa imefungwa, uzime, kisha uguse mbao iliyo karibu na kila taa. Kiganja kikishindwa kutulia hapo, taa hiyo itolewe kabla hujalipa salio.