Kalenda ya maisha: "Kivuko kinazama, ulikuwa wapi?"

Maswali ya kalenda ya maisha yamejaa kwenye meza yangu, karibu yote kutoka kwa watu walioko uwandani. Kwa asiyeijua: ni karatasi pana ya kumsaidia mhojiwa kukumbuka mambo yalimtokea lini, A3 inatosha, miaka imepangwa juu kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake kuna mistari ya makazi, kazi, wenza, watoto na afya. Mdadisi na mhojiwa wanaijaza pamoja, wakianza na yale ambayo mtu hawezi kuyasahau hata akitaka. Nimechukua maswali sita.

"Dodoso letu linauliza 'Ulianza dawa za ARV mwaka gani?' Watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, wanajibu papo hapo, ukija kutazama kadi ya CTC, kliniki ya tiba ya VVU, unakuta mwaka mwingine kabisa. Wanatudanganya?" (Mdadisi, Sengerema)

Hawadanganyi. Wanakusaidia umalize upesi. Umetaka mwaka, wamekupa mwaka.

Niliwahi kukaa na mama mmoja kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, chini ya kibanda cha dagaa (mambo kadhaa nimeyageuza asije akajulikana). Nilipouliza alianza dawa lini, alisema 2016 bila kusita. Nikaiandika kwa penseli, hafifu, nikaiacha hapo. Tukarudi kwenye mstari wa watoto. Wa kwanza, wa pili, na huyu wa mwisho aliyekuwa anachezea nyavu pembeni yetu.

"Huyu, mama, kivuko kinazama alikuwa keshazaliwa?"

Akacheka. "Mwanangu, kivuko kinazama huyu yumo tumboni. Nililia mpaka wenzangu wakasema mimba itatoka."

Kivuko hicho, MV Nyerere, kilizama tarehe 20 Septemba 2018. Nikaweka alama ya mimba. "Na siku ile unapimwa, unapewa dawa, ulikwenda kufanya nini pale zahanati?"

Akakaa kimya kidogo. "Kliniki ya mimba. Mimba hii hii." Akachukua penseli mkononi mwangu, akafuta 2016 mwenyewe.

Ile 2016 ilitoka wapi? Ndio mwaka alioachika kwa mume wa kwanza, na kichwani mwake mabaya yote yalikuwa yamehamia huko. Kila mtu ana mwaka wa namna hiyo. Tukio zito nalo hujisogeza karibu, mtu akaona ni la juzi kumbe lina miaka minne. Ukishika mistari miwili kwa pamoja, watoto na matibabu, mmoja unausahihisha mwingine.

Kadi nayo si msahafu. Mvuvi anayehama mwalo hadi mwalo mara nyingine hujiandikisha upya kama mgonjwa mpya, akikwepa kugombezwa kwa kliniki alizokosa. Hapo kadi inasema ameanza mwaka jana na yeye anasema miaka saba, na mkweli ni yeye. Jambo jingine: ukiona mtu wa zamani ana miaka miwili mitatu kati ya kupima na kuanza dawa, usikimbilie kuiita kosa. Kabla ya 2016, Tanzania ilipoanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU, wengi walirudishwa nyumbani wasubiri CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke.

"Msimamizi wangu anasema haya ni maongezi ya kijiweni, si sayansi. Nimjibu nini?" (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Mwambie afungue dodoso la wanawake la TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi, aende kurasa za mwisho. Ataikuta kalenda pale: mwezi kwa mwezi, kurudi nyuma miaka mitano na ushei, mimba, kuzaa, uzazi wa mpango. Takwimu za watu wanaoacha njia ya uzazi wa mpango kabla ya mwaka kwisha, ambazo huenda anazifundisha, zinatoka kwenye vile vyumba vidogo vya kalenda.

Akitaka jina, Deborah Freedman na wenzake walichapisha maelezo ya mbinu hii Marekani mwaka 1988. Akitaka ushahidi wa kwetu, mpeleke Kisumu. Mwaka 2007 Nancy Luke, Shelley Clark na Eliya Zulu waliwagawa vijana wa mji ule kwa bahati nasibu: wengine wakaulizwa kwa dodoso la kawaida, wengine kwa kalenda ya mahusiano. Matokeo yalitoka 2011 katika jarida la Demography, na mimi huwa yananichekesha. Kwenye kalenda, wavulana wengi zaidi walikiri kwamba hawajafanya ngono, na wasichana wengi zaidi walitaja kuwa na mwenza zaidi ya mmoja siku za karibuni. Yaani majigambo yalipungua upande mmoja na haya ikapungua upande wa pili. Ukimuuliza mtu "una wapenzi wangapi" anakupa sura anayotaka umwone nayo. Ukimuuliza Krismasi ile alikuwa na nani, anakumbuka mtu.

"Nimeweka Uhuru, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera na kifo cha Mwalimu kama matukio ya kukumbushia. Wengine wananitazama tu. Nimekosea wapi?" (Mtafiti, Mwanza)

Umeweka matukio ya redio. Yanafaa kwa waliokuwa na redio, na kwa waliokuwa na umri wa kusikiliza. Aliyezaliwa 1995 Vita vya Kagera kwake ni hadithi ya babu.

Kabla ya dodoso lolote, kaa siku mbili na wenyeji mtengeneze kalenda ya mahali hapo. Wazee peke yao hawatoshi, maana watakupa wenyeviti waliotawala. Kaa na wachuuzi, wakunga, vijana wa bodaboda. Huko ziwani utaambiwa kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996. Utaambiwa mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko la sangara na watu wakalala njaa na samaki wapo. Wavuvi wa dagaa watakuhesabia giza: kwa kuwa wanavua usiku usio na mbalamwezi, mtu atasema alikaa kisiwa cha Goziba giza tatu. Hiyo ni miezi mitatu, tena sahihi kuliko ambavyo ungeipata kwa kuuliza tarehe.

Ukivuka kwenda kwa Wamasai, utapewa jina la rika, yaani kundi la waliotahiriwa kipindi kimoja. "Nilimzaa huyu Korianga wakitahiriwa." Usitegemee mwaka mmoja hapo, kutahiri rika huchukua miaka kadhaa. Andika kipindi, halafu tafuta ukame au kuhama kulikokuwa ndani yake.

Na ukienda Pwani, mtego ni Ramadhani. Inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Januari 1998 watu walifunga mvua za El Niño zikiwanyeshea, mwaka 2015 mfungo ulianza Juni, kwenye baridi la kusi. Mdadisi anayeandika "Ramadhani" kisha ofisini wakaifanya mwezi mmoja kwa miaka yote ameharibu kalenda nzima. Nimeona ikitokea, na ilichukua wiki tatu kurekebisha.

"Nafanya na waraibu wa heroini. Wengi wako tayari kuongea, lakini wakiona karatasi inayoonyesha miezi yao ya mahabusu, wanasimama. Nifanyeje?" (Mwelimishaji rika, Kinondoni)

Wana haki ya kusimama. Dodoso la kawaida likipotea limepotea na majibu yaliyotawanyika. Kalenda ikipotea, yamepotea maisha ya mtu yaliyopangwa vizuri, yanasomeka kwa dakika moja.

Kwanza jiulize unahitaji nini. Utafiti wako ukiwa wa homa ya ini au matibabu, huhitaji kujua alikamatwa kwa kosa gani. Mstari wa makazi unaweza kusema "nje ya mtaa" kwa jela, kwa sober house (nyumba ya kuachia dawa) na kwa kijijini kwa mama vilevile, kama tofauti hiyo haikusaidii. Usichokiandika hakitasomwa na mtu mwingine. Jina lisikanyage karatasi, weka namba, na daftari la kuunganisha namba na jina likae kabati jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti, na kibali cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hakikupunguzii wajibu huo.

Pili, chagua saa. Mtu mwenye arosto, yaani makali ya kukosa dawa za kulevya, hakumbuki, anataka muachane. Wenzetu walioko kwenye methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, huduma iliyoanza Muhimbili Februari 2011, ongea nao wakishakunywa dozi yao ya siku. Utaona kitu: tangu aanze methadoni kalenda imejaa, ila miaka ya maskani, vijiwe vya kutumia dawa, imekuwa doa moja. Usiilazimishe. Chora mstari, andika "maskani, hakumbuki". Kuna wadadisi wanaoona chumba kitupu ni aibu yao, wanambana mtu mpaka anatunga. Afadhali tupu.

"Mhojiwa akiomba abaki na kalenda yake?" (Muuguzi, Mombasa)

Ni yake, lakini muulize itakaa wapi. Wapo wanawake waliotazama karatasi ile kwa muda mrefu, wakasema hawajawahi kuona maisha yao yakiwa pamoja hivyo. Kuwanyima ni kazi ngumu. Ila mstari wa wenza na mstari wa VVU vikionekana na mtu wa nyumbani, anaweza kupigwa usiku uleule. Mimi huandaa nakala yenye makazi, kazi na watoto tu. Wengi huridhika nayo. Mmoja aliikataa hata hiyo, akataka nichane mbele yake ile ya wenza baada ya kuingiza takwimu, na nilichana.

"Mradi umetupa vishikwambi, hawataki karatasi. Tena wanataka mahojiano ya dakika 40." (Kiongozi wa timu, Kigoma)

Dakika 40 sahau. Kwa mtu aliyehama mara nyingi panga saa moja na nusu, na ulipe fidia ya muda inayolingana na alichokiacha sokoni. Kishikwambi kina shida moja kubwa: kinaonyesha kipande, na anayekiona ni mdadisi peke yake. Faida ya kalenda ni mhojiwa kuiona yote, kidole chake kikatembea juu yake. Kwa hiyo jazeni kwenye karatasi, halafu jioni ingizeni kwenye kishikwambi. Asiyesoma mpe maharage na vijiwe, kila rangi na maana yake, atakupangia mwenyewe kwenye mkeka.

Mkaguzi akilalamika gharama, ni penseli tu. Na mbebe vifutio vingi. Mimi nilikwenda mwaloni na kimoja, kikaisha siku ya pili, tukamalizia kufuta kwa kipande cha ndala.